Maswali ya Wasomaji: Injini Inayogonga Leo na Kunyamaza Kesho

SWALI

Ndugu mwandishi wa safu hii,

Mimi ni mwalimu na ninaishi Buruburu. Gari langu ni dogo, linatumia petroli, lina injini ya silinda nne ya lita 1.5 na gia za otomatiki, na liliagizwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Kwa muda wa miezi mitatu sasa limekuwa likigonga, lakini si kila siku. Mara ya kwanza niliusikia mlio huo nikienda Limuru kumwona mama, nikipanda kutoka Kangemi kuelekea Uthiru na Kinoo, nikiwa nimebeba watu wanne na mizigo. Ulikuwa mlio mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe, na nilipoondoa mguu kwenye mafuta ulikatika papo hapo. Wiki iliyofuata nilipanda njia ile ile peke yangu bila kusikia chochote. Baadaye, nikiuzunguka mzunguko wa City Stadium jioni moja, nilisikia mgongo mzito zaidi, ko-ko-ko, uliodumu sekunde chache kisha ukapotea. Nimeusikia huo mara tatu au nne. Taa za onyo kwenye dashibodi hazijawaka hata mara moja.

Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza aliniambia kwamba beringi za konrodi zimekwisha, na kwamba nitafute injini nyingine. Wa pili alimwaga oili iliyokuwemo, akatia oili nzito, na gari likatulia kwa muda wa siku kumi. Wa tatu alilisikiliza likiwa limesimama, hakusikia kitu, akaniambia niendelee kuendesha. Yule wa kwanza sasa anataka nimletee pesa za injini kabla ya mwezi kwisha. Nimwamini nani?

Mwalimu, Buruburu

JIBU

Mwalimu, usizitoe pesa hizo bado. Sisemi kwamba fundi wa kwanza amekosea, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba beringi zako zimeanza kulika. Ninachosema ni kwamba kati ya hao watatu hakuna hata mmoja aliyepima kitu chochote, na injini nzima haiwezi kuhukumiwa kwa sikio la mara moja, hasa pale ambapo mlio wenyewe haukuwapo siku ya kusikilizwa.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umeeleza milio miwili, ingawa wewe na mafundi wako mmeifanya kuwa mmoja. Mlio mwembamba wa kokoto uliotokea mlimani, gari likiwa na mzigo, na ukakatika mara tu ulipoondoa mguu, una tabia yake. Mgongo mzito wa kwenye mzunguko, uliotokea gari likiwa limeinamia upande mmoja, una tabia nyingine kabisa. Mlio unaokuja na kuondoka haujifichi bila sababu: una hali fulani inayouleta, na ikikosekana hali hiyo, nao haupo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kitu gani kinachogonga, ni lazima tuulize kinagonga lini, na barua yako imejibu swali hilo vizuri kuliko mafundi wote watatu.

Nianze na ule mzito, kwa kuwa huo ndio unaoweza kuiua injini. Oili ya injini hukaa chini kabisa, kwenye sampu, na pampu huivuta kupitia mdomo wenye wavu uliozama ndani yake, kisha huisukuma hadi kwenye beringi za krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), kwenye konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krankishafti) na juu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali). Pengo lililopo kati ya beringi na krankishafti ni sehemu chache tu za mia za milimita, na linalozuia chuma kugusana na chuma katika pengo hilo ni utando wa oili unaosukumwa kwa nguvu. Oili ikiwa imepungua, gari likiwa limesimama mahali tambarare mdomo wa pampu bado umezama, na kila kitu kinasikika sawa. Lakini ukiingia kwenye mzunguko mrefu, ukashika breki kwa ghafla, au ukapanda mlima mkali, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, mdomo huvuta hewa kwa sekunde moja au mbili, utando hukatika, na konrodi hugonga. Barabara ikinyooka, oili hurudi na mlio hupotea. Ndiyo maana fundi wa tatu, aliyelisikiliza gari likiwa limesimama, hakuwa na njia ya kuusikia.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, fungua boneti likiwa mahali tambarare kabisa, vuta kijiti cha kupimia oili, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha kivute tena na usome. Injini za ukubwa wa yako hubeba kati ya lita 3 na 4 hivi, na tofauti iliyopo baina ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kwa kawaida hukaribia lita nzima. Kwa hiyo oili iliyoshuka chini ya alama ya chini ni robo ya oili yote au zaidi iliyopotea. Pima tena baada ya juma moja na uandike. Oili ikiwa inashuka bila kuonekana tone lolote chini ya gari, basi inaungua ndani ya injini, na hilo ni jambo la kulishughulikia mapema, lakini si sawa na kufa kwa konrodi.

Hapa ndipo ninapotilia shaka ushahidi wa fundi wa pili. Alipomwaga oili na kutia nyingine, alibadilisha mambo mawili kwa pamoja: uzito wa oili na kiasi chake. Kama oili ya zamani ilikuwa imepungua, utulivu ule ungeweza kuletwa na kujaza tu, hata kama angetumia oili nyepesi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tena nikuulize, katika siku zile kumi ulipanda Kinoo ukiwa na watu wanne? Kama hukupanda, basi hatujui kama mlio uliondoka au ulikosa tu nafasi ya kutokea. Mimi ninachukia sana oili nzito inapotumiwa kama dawa ya mlio. Injini iliyotengenezewa oili nyepesi ya 5W-30 ikitiwa ile nzito ya 20W-50, oili huchelewa kufika juu asubuhi ya baridi, wakati ambapo kuna ulikaji mwingi, nao mlio ambao ungekuonya hufunikwa mpaka siku injini inaposhindwa kabisa njiani. Rudisha oili ya uzito ulioandikwa na watengenezaji, pamoja na filta mpya, ndipo tuusikie ukweli.

Oili ikiwa imejaa, ni ya aina sahihi, na bado mgongo mzito unatokea, mwombe fundi apime shinikizo la oili kwa geji. Ni kazi ndogo: swichi ya taa ya oili hufunguliwa kutoka kwenye bloku, geji ikafungwa mahali pake, injini ikapashwa moto vizuri, kisha shinikizo likasomwa injini ikinguruma polepole na tena ikiwa kwenye mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika. Mafundi wengi hutumia kanuni ya paundi 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000, lakini kipimo cha kitabu cha injini yako ndicho kitangulie. Wala usitulizwe na taa ya oili kwamba haijawaka. Taa hiyo huwaka shinikizo likiwa limeshuka karibu kabisa na sufuri, na mdomo wa pampu ukivuta hewa kwa sekunde moja tu, taa inaweza isiwake kabisa au ikapepesa haraka usiione ukiwa unaangalia barabara.

Kipimo kingine ni cha kuisikiliza silinda moja baada ya nyingine. Injini ikinguruma na mlio ukiwapo, fundi huchomoa plagi ya umeme ya injekta moja (kifaa kinachopulizia petroli), akasikiliza, akairudisha, kisha akaenda kwenye inayofuata. Silinda isiyopata petroli haiwaki, pistoni yake haisukumwi kwa nguvu, na kama konrodi ya silinda hiyo ndiyo yenye kasoro, mgongo hupungua au hubadilika papo hapo. Wako wanaochomoa koili, inayotoa umeme wa cheche, badala ya injekta. Jibu ni lile lile, lakini petroli isiyoungua huenda moja kwa moja hadi kwenye katalisti ya eksosi, inayosafisha moshi, na kuiharibu kwa joto, kwa hiyo sisitiza injekta. Na oili ikimwagwa, imwagwe ndani ya karai safi na kutazamwa juani. Vumbi la chuma linalong'aa ambalo halishikwi na sumaku mara nyingi hutoka kwenye beringi, kwa kuwa uso wa beringi hutengenezwa kwa aluminiamu au kwa mchanganyiko wa shaba na bati. Mwalimu, ukionyeshwa karai lenye vumbi hilo, pamoja na geji inayosoma chini, pamoja na silinda inayonyamaza injekta yake ikichomolewa, hapo fundi wa kwanza atakuwa amethibitisha neno lake, na nitakuwa wa kwanza kukwambia umlipe.

Sasa nije kwenye ule mlio wa kokoto. Huu ni mgongo wa moto, wala si wa chuma kilicholegea. Katika injini ya petroli, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa mahali pamoja, na moto hutakiwa kusambaa kwa utaratibu hadi mwisho wa silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi haisubiri kufikiwa na moto. Hulipuka yenyewe kwa ghafla, na mawimbi ya mlipuko huo hupiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Hiyo ndiyo sauti ya mkebe wa kokoto. Huja injini inapobeba mzigo mkubwa katika mizunguko michache, kama vile kupanda mlima kwa gia ndefu, na hukatika ukiondoa mguu, kwa kuwa mgandamizo ndani ya silinda hushuka mara hiyo hiyo. Mgongo wa konrodi mara nyingi hufanya kinyume chake: husikika zaidi ukiwa katika mizunguko 2,000 na kitu kisha ukalegeza mguu taratibu, kwa sababu hapo nguvu hugeuka upande na pengo la beringi hupiga.

Utashangaa kwa nini jambo zito hivyo haliwashi taa. Gari lako lina kihisi cha mgongo kilichofungwa kwenye bloku ya injini, chenye kipande cha fuwele kinachotoa umeme kidogo kinapotetemeshwa. Kompyuta ya injini ikipata umeme huo, huchelewesha cheche kidogo kidogo hadi mgongo ukome, na kwa kompyuta hiyo ni kazi ya kawaida isiyo na haja ya kukuonya. Taa huwaka kihisi chenyewe au waya wake ukiharibika. Hapo mashine ya fundi huonyesha kodi, yaani namba ya hitilafu, kama P0325.

Kuna jambo la Nairobi ambalo lingenifanya nisilidharau hili hata kidogo. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambapo shinikizo la hewa liko chini ya lile la pwani kwa takribani asilimia 18, na Limuru iko juu zaidi, kupita mita 2,000. Hewa ikiwa nyepesi, silinda hujaa kidogo, na mgandamizo unaoleta mgongo wa moto hupungua. Kwa maneno mengine, kupanda kuelekea Limuru ndipo mahali ambapo injini isiyo na kasoro yenye petroli nzuri ingetarajiwa kuwa mbali na kugonga. Ikiwa yako inagonga huko, kuna kitu kinachoisukuma, na siku utakapoteremka na gari hilo hadi Mombasa, kwenye hewa nzito na joto, mlio utaongezeka. Usifanye safari hiyo kabla ya kuupata mzizi wake.

Cha kwanza cha kushuku ni petroli yenyewe. Mafuta ya taa yana oktani (kipimo cha uwezo wa mafuta kutolipuka yenyewe yakigandamizwa) ya chini mno, na kiasi kidogo kikichanganywa kwenye petroli kinatosha kuleta mgongo. Uovu huo wa kuchanganya, ambao uliikumba dizeli zaidi, ndio uliofanya serikali mwaka 2018 iweke ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuondolea faida. Endesha mpaka tangi likaribie kwisha, jaza kwenye kituo kingine kikubwa chenye wateja wengi, ikiwezekana petroli ya oktani ya juu, kisha panda mlima ule ule, kwa mzigo ule ule, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Mlio ukikosa kutokea mara tatu mfululizo, umepata jibu kwa gharama ya tangi moja. Ukitokea, endelea kwenye joto la injini: maji ya radieta, feni inayostahili kuwaka foleni inapokuwa ndefu, na themostati (kidhibiti cha joto la maji) iliyong'olewa na fundi fulani zamani au iliyokwama. Baada ya hapo zitazamwe plagi kama ni za aina iliyoandikwa kwa injini hiyo, injekta kama zimeziba na kupunguza petroli, na masizi yaliyorundikana juu ya pistoni kwa miaka mingi ya safari fupi fupi za mjini.

Niongeze kidogo kuhusu historia ya mlio huu, kwa sababu inatuhusu sisi wakazi wa Nairobi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi katika maabara ya General Motors nchini Marekani, aligundua kwamba madini ya risasi yakitiwa ndani ya petroli hunyamazisha mgongo wa moto. Dunia ikaitia risasi hiyo kwenye petroli kwa miongo mingi, na watoto wakaivuta pamoja na moshi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na ni kutoka hapa hapa Gigiri, kwenye makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambapo mnamo Agosti 2021 ilitangazwa kwamba hakuna tena nchi inayouza petroli ya magari yenye risasi. Kwa hiyo ukiona chupa za dawa za kuongeza oktani zikiuzwa bila maelezo ya kilichomo, ziache.

Bado lipo kundi la milio ambayo haitoki ndani ya injini kabisa, nayo imewagharimu watu wengi injini nzima. Mauntingi (kishikizo cha injini) iliyokatika huifanya injini igonge bodi ukitoa gari kutoka D kwenda R au ukikanyaga mafuta kwa nguvu. Bati la kuzuia joto la eksosi likilegea hutetema kwa mizunguko fulani tu. Ile sahani nyembamba inayounganisha krankishafti na gia za otomatiki ikipata ufa, hugonga kama konrodi hasa, na nimeona injini nzuri iking'olewa kwa ajili yake. Fundi avitazame hivyo vyote gari likiwa juu ya jeki imara na vigingi, kabla ya kugusa boliti hata moja ya hedi, yaani kichwa cha injini.

Nunua daftari dogo ukaliweke kwenye kisanduku cha gari. Kila usikiapo mlio andika tarehe, mahali, kupanda au kushuka, kona ya kushoto au ya kulia, injini baridi au moto, watu wangapi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa au la, na petroli ilijazwa wapi mara ya mwisho. Mistari kumi ya namna hiyo itamfaa fundi kuliko saa nzima ya kuizungusha injini uani. Na ikitokea ule mgongo mzito umekuja na haukuondoka baada ya barabara kunyooka, au taa nyekundu ya oili ikawaka hata kwa kupepesa, egesha mahali salama, zima injini hapo hapo, na uite gari la kuvuta. Usiliendeshe hadi gereji hata kama gereji unaiona.

SWALI

Ndugu, mimi ni dereva wa teksi, Kasarani. Gari langu hugonga asubuhi tu nikiwasha, kisha hunyamaza na kufanya kazi vizuri mchana kutwa. Wenzangu wananiambia kwamba ni kawaida ya baridi. Je, ni kweli?

Dereva, Kasarani

JIBU

Ndugu yangu, inategemea mlio unachukua muda gani kunyamaza, na hilo hukuliandika. Kesho chukua simu, anza kurekodi kabla ya kuwasha, na uhesabu.

Mlio ukikoma ndani ya sekunde mbili au tatu, oili yako ilikuwa imeshuka yote hadi kwenye sampu usiku, na injini ilizunguka ikiwa kavu mpaka pampu ilipoifikisha juu. Filta nzuri huwa na kizuizi cha mpira ndani kinachoizuia oili isirudi, na filta za bei ya chini sana mara nyingi huwa na kizuizi kibovu au hazina kabisa, kwa hiyo anza kwa kuweka filta ya kuaminika. Ukiendelea, tazama kikaza-cheni cha taimingi (cheni inayozungusha kamshafti), ambacho katika injini nyingi hukazwa kwa shinikizo la oili hiyo hiyo. Hili si la kuliacha, kwa sababu dereva wa teksi huwasha na kuzima mara nyingi kwa siku, na kila mara cheni hupiga.

Mlio ukichukua dakika kadhaa na kufifia polepole kadiri injini inavyopata moto, yapo mawili. La kwanza ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda: pistoni ni ya aluminiamu, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo huanza ikiwa nyembamba, ikipiga huku na huku, kisha hujaza nafasi yake. Injini yenye mlio wa namna hiyo inaweza kukuhudumia kwa miaka ikiwa haili oili. La pili ni eksosi inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi, ambayo hutoa tik-tik-tik injini ikiwa baridi na kuzibika chuma kikitanuka. Alama yake ni masizi meusi kando ya gasketi, na unapaswa kuiziba upesi, kwa kuwa moshi huo huingia ndani ya gari pamoja na abiria. Wenzako wana haki kidogo kuhusu baridi, hasa asubuhi za Julai, lakini baridi huonyesha kasoro iliyopo, haiiumbi.

SWALI

Mimi ni fundi kijana, nina gereji ndogo Kariobangi. Wateja huniletea magari yanayogonga, na yakifika kwangu yananyamaza. Nikisema sisikii kitu wanaona sijui kazi, na nikifungua injini bila uhakika ninaogopa. Nifanye nini?

Fundi, Kariobangi

JIBU

Kijana wangu, uoga huo wa kufungua bila uhakika ni mali yako; usiruhusu mteja yeyote akuondolee. Wako waliozeeka kazini bila kuupata.

Gari likifika, usifungue boneti kwanza. Mketishe mteja, umuulize maswali yale niliyomwandikia Mwalimu hapo juu, kisha mwambie aendeshe yeye mwenyewe na wewe uketi kando yake, akupeleke hasa mahali alipousikia mlio, hata kama ni mbali, na umtoze muda huo kwa haki baada ya kumwambia mapema. Mwendeshaji anaujua mguu wake. Wewe ukishika usukani utaendesha kwa namna yako na mlio hautatokea. Ikiwa ni mlio wa asubuhi, gari lilale gerejini na lisiwashwe na mtu yeyote, hata kulisogeza tu, mpaka utakapofika wewe. Ikiwa ni mlio wa mzigo, pakia mzigo.

Jifunze pia kuhesabu mapigo. Krankishafti ikizunguka mara 720 kwa dakika, hiyo ni mara 12 kwa sekunde, na kamshafti huzunguka nusu yake, yaani mara 6. Rekodi sauti kwa simu, kisha uicheze kwa mwendo wa polepole na uhesabu. Mapigo 6 kwa sekunde yatakupeleka juu, kwenye vali na tapeti, na mapigo 12 yatakupeleka chini, kwenye krankishafti na konrodi, ingawa pistoni iliyolegea au eksosi inayovuja kwenye silinda moja inaweza kufuata mwendo wa kamshafti nayo. Mapigo yasiyolingana na lolote kati ya hayo huenda yanatoka kwenye alternata, kompresa ya kiyoyozi au pampu ya maji. Vua mkanda kwa muda mfupi, washa injini kwa sekunde chache tu, kisha usikilize kama mlio umeondoka nao.

Kwa kutafuta mahali penyewe, tumia kile kifaa cha kusikilizia kinachofanana na cha daktari, chenye fimbo ya chuma. Ukikosa, bisibisi ndefu iliyowekwa mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio inatosha. Funga mikono ya ovaroli, usivae kitambaa chochote shingoni, na ujue feni iko wapi, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Gusa bloku chini, kisha kifuniko cha vali, kisha bati la mbele la cheni, kisha kila kifaa kilichofungwa kwenye mkanda, na ulinganishe.

Na ukishafanya hayo yote bila kuusikia, mwandikie mteja kwenye karatasi vitu ulivyopima na namba ulizozisoma: kimo cha oili, shinikizo lake injini ikiwa moto, kodi zilizopatikana au kutopatikana, na mahali mlipoendesha. Mpe karatasi hiyo pamoja na tarehe ya kurudi, na ubaki na nakala yako, ili mlio utakapojitokeza tena muanzie mlipoishia.